Agosti ya 2021: Majuma Kabla ya Ubingwa



Kiangazi kinapoingia katika bonde letu la Kilombero, mpunga ukiwa umekwisha kuvunwa na magunia yakisubiri bei nzuri, mazungumzo ya watu hubadilika. Kuanzia huku Michenga hadi Kibaoni, Ifakara mjini na Mang'ula, na hata ng'ambo ya mto kuelekea Mahenge, swali la asubuhi haliwi tena mvua wala palizi. Swali ni nani amesajiliwa, nani ameachwa, na timu imepiga kambi wapi. Ni majuma ambayo hakuna pointi hata moja inayogombewa, ligi haijaanza, kombe halionekani. Hata hivyo, ukimwuliza shabiki wa miaka mingi akutajie wakati anaoukumbuka kwa mapenzi makubwa, mara nyingi hatakutajia siku ya kombe. Atakutajia majuma yale ya kungoja.

Kwa wapenzi wa Yanga, na katika parokia hii hawahesabiki kwa vidole, majuma hayo ni ya Agosti na Septemba 2021. Husimuliwa kana kwamba yalikuwa majuma ya furaha tupu, kila mtu akijua kuwa ubingwa uko njiani. Juma hili naomba tuyatazame majuma hayo kama yalivyokuwa. Ndugu zetu wa Msimbazi wasikunje uso, kwani wao pia wamo katika habari hii, na mwishoni kuna neno lao.

MKOA WETU NA UBINGWA

Kwanza tusijidharau. Mkoa wetu wa Morogoro haukuwa mtazamaji tu katika historia ya soka la nchi hii. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965, na kwa miaka kumi ya mwanzo ubingwa haukutoka Dar es Salaam. Ulikuwa wa Sunderland, ambayo baadaye ikaitwa Simba, ukawa wa Cosmopolitan, ukawa wa Yanga. Timu ya kwanza kuuondoa katika jiji hilo ilikuwa Mseto ya Morogoro, mwaka 1975. Miaka 24 baadaye, mwaka 1999, Mtibwa Sugar ya Turiani, timu ya kiwanda cha sukari, ikatwaa ubingwa, na mwaka 2000 ikautwaa tena. Sisi tunaoishi kati ya mashamba ya miwa ya Kidatu na mashamba ya mpunga ya Ifakara twajua maana yake. Timu iliyolelewa kandokando ya miwa iliwatangulia wakubwa wa Kariakoo kwa miaka miwili mfululizo.

Naitaja Mtibwa kwa sababu nyingine pia. Katika ngome ya Yanga iliyotwaa ubingwa wa msimu wa 2021/22 walikuwamo vijana wawili waliotoka Mtibwa: Kibwana Shomari, aliyehamia Jangwani mwaka 2020, na Dickson Job, aliyehamia Januari 2021. Kwa hiyo shabiki wa Michenga aliyeshangilia timu hiyo alishangilia pia mavuno ya mkoa wake mwenyewe, hata kama hakulifikiria jambo hilo.

MIAKA MINNE YA KIU

Agosti ya 2021 haieleweki bila kukumbuka miaka iliyoitangulia. Yanga ilikuwa bingwa kwa misimu mitatu mfululizo, na wa mwisho ulikuwa 2016/17. Mwezi Mei 2017 mwenyekiti wake, Yusuf Manji, aliyekuwa nguzo ya fedha za klabu, alijiuzulu. Tangu hapo klabu kongwe iliyozaliwa mwaka 1935 ikajikuta katika ukata. Katika msimu wa 2018/19 kocha wake, Mwinyi Zahera kutoka Kongo, hakuishia kufundisha mpira tu. Alisimama mbele ya mashabiki kuwaomba wachangie timu yao. Sisi watu wa parokia twaijua vema kazi ya kuomba michango, nasi hatuwezi kuicheka. Wapo waliotoa elfu moja na wapo waliotoa zaidi. Timu ile maskini ilimaliza msimu ikiwa ya pili.

Upande wa pili wa mtaa, Simba ilikuwa katika neema. Ilitwaa ubingwa mara nne mfululizo, kuanzia msimu wa 2017/18 hadi 2020/21, na mara mbili katika kipindi hicho ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Wakati huo huo kampuni ya GSM ilikuwa imeanza kuipa Yanga nguvu ya fedha, lakini kombe halikuja. Msimu wa 2020/21 Yanga ilimaliza na pointi 74, Simba pointi 83. Tarehe 25 Julai 2021, katika uwanja wa Lake Tanganyika mjini Kigoma, timu hizo zilikutana katika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, na Simba ikashinda 1-0. Hilo ndilo jambo la mwisho ambalo Wananchi walilibeba mioyoni walipoingia mwezi Agosti: kushindwa, tena mbele ya mtani.

USAJILI NA SAFARI YA MOROCCO

Kocha Nasreddine Nabi, mzaliwa wa Tunisia, alikuwa amefika mwezi Aprili 2021, msimu ukiwa umekwisha kusonga mbele. Maandalizi ya Agosti ndiyo yaliyokuwa nafasi yake ya kwanza ya kuunda timu aitakayo. Majina yakaanza kushuka. Kutoka AS Vita ya Kinshasa walikuja Fiston Mayele, Djuma Shaban na Jesus Moloko. Yannick Bangala, Mkongomani mwenzao, alitokea Morocco alikokuwa akicheza. Djigui Diarra, kipa wa Mali, alitoka Stade Malien. Khalid Aucho wa Uganda alitoka Misri. Heritier Makambo, aliyekuwa amekwisha kupendwa Jangwani kabla ya kwenda Guinea, akarudi nyumbani.

Kwa shabiki wa bonde hili, majina hayo yalikuwa kama mbegu mpya iliyosifiwa sana na wataalamu. Unaipokea kwa matumaini, lakini moyoni unasema, tuione kwanza shambani. Mtaa mzima ukajifunza kutamka majina ya Kifaransa. Wazee waliozoea majina ya kina Sunday Manara na Kitwana Manara walitikisa kichwa, na vijana wakayaandika migongoni mwa jezi.

Katikati ya mwezi Agosti timu ilipanda ndege kwenda Morocco, ikapiga kambi Marrakech. Simba nayo ilikuwa katika nchi hiyo hiyo, kambi yake ikiwa upande mwingine. Kwa mara moja watani wawili walikuwa wamehamia ugenini pamoja, kila mmoja akichungulia mwenzake kwa picha za simu. Kambi ya Yanga haikudumu kama ilivyotarajiwa. Timu ilirejea mapema, na maneno yakaanza. Wengine walisema fedha zimepotea bure. Wengine walisema mazoezi hayakutosha. Majuma yale hayakuwa na utulivu ambao leo tunayapamba nao.

JUMAPILI YA WANANCHI

Tarehe 29 Agosti 2021 ilikuwa Jumapili. Hiyo ndiyo ilikuwa kilele cha Wiki ya Mwananchi, sherehe ambayo Yanga iliianza mwaka 2019, miaka kumi baada ya Simba kuanzisha siku yake. Ilikuwa Jumapili ya kawaida ya mwaka, na kanisa lilivaa kijani, kama Jumapili nyingi za kipindi hicho. Wacheshi wa parokia hawakuiacha ipite bila kusema kwamba hata liturujia imechagua upande. Wa Simba hujibu kwamba wao wanangoja Pentekoste na sikukuu za mashahidi.

Uwanja wa Benjamin Mkapa ulipambwa, Koffi Olomide akaimba, wachezaji wapya wakatambulishwa mmoja mmoja. Hapa ndipo kumbukumbu za wengi zinapokomea, kwenye muziki na shangwe. Lakini baada ya muziki kulikuwa na mechi. Zanaco ya Zambia ilikuwa mgeni mwalikwa, na mgeni hakuja kula ubwabwa tu. Makambo aliifungia Yanga, kisha Zanaco wakarudisha na kuongeza. Mechi ikaisha Yanga 1, Zanaco 2. Watu waliokwenda kufurahi wakarudi makwao kimya. Katika vibanda umiza vya huku kwetu, mwenye kibanda alizima king'amuzi kabla wachambuzi hawajamaliza kusema.

SEPTEMBA YENYE MACHUNGU

Yaliyofuata yalikuwa mazito zaidi. Kwa sababu Simba ilifanya vizuri Afrika, Tanzania ilipewa nafasi nne katika mashindano ya klabu, na Yanga, ikiwa ya pili katika ligi, ikaingia Ligi ya Mabingwa. Ilipangwa na Rivers United ya Nigeria. Tarehe 12 Septemba, Dar es Salaam, Yanga ilifungwa 1-0. Tarehe 19 Septemba, Port Harcourt, ilifungwa tena 1-0. Wachezaji kadhaa waliosajiliwa kwa mbwembwe, akiwamo Mayele mwenyewe, hawakucheza kwa kuwa hati zao za uhamisho hazikukamilika kwa wakati. Yaani timu ilikuwa na shoka, lakini mpini ulikuwa bado njiani.

Siku hiyo hiyo ya tarehe 19 Simba ilikuwa ikiadhimisha Siku ya Simba, nayo ikafungwa 1-0 na TP Mazembe ya Lubumbashi. Jumapili moja, watani wote wawili wakalala na huzuni. Ni siku chache sana ambazo Kariakoo yote imekuwa na msiba mmoja.

Kwa hiyo hesabu ya maandalizi ya Yanga ilikuwa hivi: kambi iliyokatizwa, tamasha lililoharibiwa na mgeni, na kutolewa Afrika bila kufunga hata bao moja. Kama mtu angepiga kura katika vijiwe vya bonde hili siku ile, sidhani kama kocha angepona. Mashabiki waliokuwa wakisema "tumepata timu" mwezi Agosti, mwezi Septemba walisema "tumeibiwa". Na hao hao leo husema kwamba walijua tangu mwanzo.

Mkulima wa mpunga anaijua hali hii. Miche ikitolewa kitaluni na kupandikizwa shambani, siku za kwanza hunyong'onyea na majani hugeuka manjano. Asiyejua kilimo akipita atasema shamba limekufa. Anayejua atasubiri mizizi ishike tope, kwa sababu mche haukufa, unahamia. Timu ya Nabi ilikuwa miche iliyotoka vitalu vingi: Kinshasa, Bamako, Kampala, Zanzibar, Turiani. Haikuwa imepata muda wa kushika tope.

NGAO, KISHA LIGI

Tarehe 25 Septemba 2021, siku sita tu baada ya Port Harcourt, Yanga na Simba zilikutana katika Ngao ya Jamii. Hati za Mayele zilikuwa zimekamilika. Dakika ya 11 akafunga, na bao hilo likatosha: Yanga 1, Simba 0. Siku chache baadaye ligi ilianza, na Yanga ikasafiri hadi Bukoba, uwanja wa Kaitaba, ikaifunga Kagera Sugar 1-0 kwa bao la Feisal Salum. Hayakuwa mabao mengi, lakini mizizi ilikuwa imeshika.

Msimu wenyewe nauharakisha, maana unajulikana. Yanga haikufungwa hata mara moja katika mechi zake 30 za ligi. Ilishinda 22 na kutoka sare nane, zikiwamo mbili za 0-0 na Simba. Februari 2022 ilifika katika mkoa wetu, uwanja wa Manungu kule Turiani, ikaondoka na ushindi wa 2-0 dhidi ya Mtibwa. Mayele alifunga mabao 16, moja pungufu ya George Mpole wa Geita Gold, na kila alipofunga alitetema, nao watoto wa bonde zima wakatetema pamoja naye, wengine hata waliofunga goli la makopo mawili uwanjani kwa shule. Tarehe 15 Juni 2022 Yanga iliifunga Coastal Union 3-0 na ubingwa ukawa wake, wa 28. Ilikuwa mwezi wa mavuno, mpunga ukikatwa majarubani, na wapo waliosikiliza mechi ile kwa redio ya simu wakiwa na mundu mkononi.

Jambo moja la kushangaza: Yanga bingwa ilimaliza na pointi 74. Ni zile zile 74 za msimu uliotangulia ilipokuwa ya pili. Tofauti ni kwamba msimu wa kabla zilipatikana katika mechi 34, na huu katika mechi 30, na Simba safari hii ilimaliza na pointi 61. Mwenye kutazama idadi ya pointi peke yake angesema hakuna kilichobadilika.

TUNACHOKITAMANI NI NINI?

Sasa tuulizane. Kama Agosti na Septemba ya 2021 yalikuwa majuma ya mashaka, kwa nini leo watu wanayatamani? Kwa nini mzee anayekaa chini ya mwembe anasema "ile Agosti" kwa sauti ya mtu anayemkumbuka rafiki?

Naona sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kumbukumbu huanzia mwisho na kurudi nyuma. Tukishajua kwamba kombe lilikuja, tunaipaka Agosti rangi ya Juni. Kipigo cha Zanaco kinafutika, Rivers United inakuwa ajali ndogo, na kambi iliyokatizwa inaitwa msingi. Ndivyo pia tunavyofanya na historia zetu nyingine. Familia iliyofanikiwa husimulia miaka ya njaa kama utangulizi mzuri, na kusahau kwamba miaka ile hakuna aliyejua kama kungekucha. Mji uliopata daraja husahau foleni ya kivuko na waliozama mtoni.

Kuna hasara katika kusahau huko. Anayesahau kwamba mwanzo ulikuwa mbaya hujifunza kudai kila mwanzo uwe mzuri. Kocha anayefuata akifungwa mechi mbili, atafukuzwa kwa jina la Nabi, ilhali Nabi mwenyewe alizifungwa mechi tatu mfululizo kabla ya bao la Mayele. Kijana anayeanza kazi, mwalimu mpya wa shule, kwaya mpya, hata ndoa changa, wote hupimwa kwa kipimo cha Agosti ambayo haikuwahi kuwapo. Kama tungeikumbuka kwa ukweli, ingetufundisha subira. Tukiikumbuka kwa uongo, inatufundisha hasira.

Sababu ya pili ni njema zaidi. Katika majuma ya kungoja, watu wote wako sawa. Aliyenunua tiketi na asiye na nauli ya kufika Dar es Salaam wanajua kiasi kile kile cha mambo yajayo. Mwana Yanga na mwana Simba wanakaa benchi moja, wote wakiwa na pointi sifuri. Baadaye ligi hugawa watu, mmoja akacheka na mwingine akanuna. Nadhani watu wengi wanaposema wanaitamani Agosti ile, wanatamani ukaribu huo, na pengine wanawatamani watu waliokaa nao kijiweni ambao leo hawapo. Wengine wamehama, wengine tumewasindikiza makaburini. Timu ni ile ile, jezi ni zile zile, lakini benchi lina nafasi wazi.

NENO LA MWISHO KWA PANDE ZOTE

Hakuna ubingwa unaodumu, na wala kutofungwa hakudumu. Yanga iliendelea bila kupoteza mechi ya ligi hadi ikafikisha 49. Tarehe 29 Novemba 2022 ilikwenda Mbarali na kufungwa 2-1 na Ihefu, timu iliyobeba jina la ardhi oevu ya Usangu. Maji ya Usangu hushuka kwa Ruaha Mkuu, maji yetu hushuka kwa Kilombero, na yote huishia katika Rufiji. Kwa hiyo tuseme kwamba jirani zetu wa bonde lingine ndio waliomaliza safari ile. Mayele aliondoka mwaka 2023 kwenda Misri, na Nabi aliondoka mwaka huo huo. Kikosi cha Agosti ile kimetawanyika, kama vikosi vyote.

Kwa ndugu wa Simba, neno lenu ni hili: kipindi chenu cha neema kilianza pia na Agosti zenye mashaka, na zitakuja nyingine. Kwa ndugu wa Yanga: mkiwasimulia watoto wenu habari ya mwaka ule, msiwaanzishie na kombe. Waanzishieni na Zanaco. Waambieni jinsi mlivyorudi kimya kutoka kibandani, mkalaumu, mkasema hamtarudi tena, na Jumamosi iliyofuata Port Harcourt mkarudi. Hapo watoto watajua kwamba kupenda timu si kujua mwisho wake.

Nawatakia juma jema lenye amani, wa kijani na wa nyekundu. Wanaoelekea kuandaa mashamba, Mungu awape nguvu. Wanaongoja ratiba ya ligi, awape subira.

Padre wenu, Michenga